Sindano Arobaini na Moja na Toba ya Uongo

Nimechomwa sindano mia moja na moja za kifua kikuu. Arobaini na moja za mwanzo niliziharibu mwenyewe. Sitini za baadaye nilizimaliza bila kukosa hata moja, na leo ukinikuta kanisani nimesimama mstari wa mbele naimba sauti ya kwanza, kifua kimejaa hewa, ujue naringa. Nina haki ya kuringa. Naandika haya kwa ajili yako wewe unayekaa kwenye benchi la hospitali, kikopo cha makohozi umekificha chini ya kanga, unaona haya kama vile umekiiba. Mimi pia nilikificha changu, na sikuficha kikopo peke yake.

Naitwa Damari. Kwetu ni milimani juu ya Ilula, mkoa wa Iringa. Ugonjwa uliponianza, mume wangu Simoni alikuwa Mbeya kwenye ujenzi wa reli, nami nilibaki nyumbani na watoto wetu wawili pamoja na mama yake mzazi. Kijiji kizima kilimwita Mama Simoni. Mimi nilimwita Mama. Alikuwa mjane, mwembamba, mrefu kuliko wanaume wengi, na kazi yake kanisani ilikuwa kufua vitambaa vya altare. Kila Ijumaa alivifua mtoni, kila Jumamosi alivipiga pasi ya mkaa, kisha akavibeba kwa mikono miwili kwenda kanisani bila kuzungumza na mtu njiani. Ukimsalimu "Kamwene" alikuitikia kwa kichwa. Watu walisema ana maringo. Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti, maana tulikuwa wanawake wawili wenye maringo tukipikia jiko moja.

Kikohozi kilinianza majira ya mvua, wakati watu wanagema ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mama alinichemshia majani ya mkaratusi, akanifunika blanketi nijifukize. Nilitoka jasho, nikapata nafuu siku mbili, kikarudi. Magauni yakaanza kunipwaya. Katika kwaya nilikuwa nikifika katikati ya mstari pumzi inakata, na wenzangu wananimalizia wimbo bila kuniangalia.

Lakini ugonjwa wangu haukutangazwa na kifua. Ulitangazwa na kikombe. Kanisani kwetu watu hupiga magoti mbele ya altare, na mchungaji huwapitisha wote kikombe kimoja, kutoka upande wa kushoto kwenda kulia. Jumapili moja nilipiga magoti, nikasikia kanga zinachakarika. Mwanamke aliyekuwa kulia kwangu alikuwa amesogea akaenda kupiga magoti kushoto. Mwenzake naye akasogea. Kikombe kilinifikia nikiwa wa mwisho. Jumapili ya meza ya Bwana iliyofuata mambo yakawa vilevile. Hakuna aliyenikataza wala kunisema. Walipanga tu kunywa kabla yangu, na ile adabu yao iliniuma kuliko tusi.

Simoni aliposikia aliniita Mbeya. Hospitali walinipiga picha ya kifua, wakanipa kikopo, wakanilaza wodi ya wagonjwa wa kifua. Kila asubuhi tulipanga foleni ya sindano, wanaume upande huu, wanawake upande ule, wote tumeinua gauni au kuteremsha kaptura, na utu uzima wetu hautusaidii kitu. Dawa ile ilinifanya midomo ife ganzi na masikio yalie. Nilitembea nikishika ukuta. Baada ya sindano thelathini waliniruhusu kwenda nyumbani na kadi na barua, nimalizie thelathini nyingine kwenye zahanati ya Ilula. Muuguzi aliyenipa kadi, Sista Anyesi, Mnyakyusa mwenye kifua kikubwa na sauti ya kuamrisha, alinishika kidevu kabisa.

"Sitini," akasema. "Siyo hamsini na tisa. Halafu vidonge mwaka na nusu. Umenielewa mama?"

"Nimeelewa Sista."

Nyumbani nilitengewa sahani, kikombe na kona. Watoto walihamia kulala kwa bibi yao. Sikulaumu, ndivyo tulivyoelekezwa. Lakini majirani walisimama kwenye uzio kunisalimia, na kaka yangu wa damu aliniletea mahindi akayaweka njiani, akaniita kwa mbali nikayachukue. Ni Mama tu aliyeingia. Alinipikia uji, akanisugua mgongo, akamwaga kikopo changu shimoni na kukimwagia maji ya moto. Kila asubuhi alinisindikiza zahanati, mwendo wa saa moja na nusu, akitembea mbele kimya, akisimama kila niliposimama. Nikirudi kulala alikuwa na neno lile lile moja: "Umekula?" Kama nimekula, alitoka. Kama sijala, alikaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika usharika wetu kulikuwa na kundi la ndugu waliookoka. Walikutana kila Jumamosi mchana nyumbani kwa Mama Yeremia, mwanamke mwenye macho ya upole na maswali yasiyokwisha. Desturi yao ilikuwa kutembea nuruni, yaani kila mtu anasimama na kutaja dhambi zake waziwazi mbele ya wenzake, nao wanamwimbia na kumkumbatia. Siitukani desturi hii. Nimewaona kwa macho yangu wanaume wawili waliogombea mpaka wa shamba miaka sita wakikumbatiana kwenye sebule ile, wakilia hadi makamasi. Lakini ilikuwepo fikra moja iliyotembea pamoja na desturi hiyo: kwamba mgonjwa asiyepona ana kitu hajakisema.

Waliniita. Nilikuwa nimefikisha sindano arobaini na moja. Nilikaa kwenye kiti karibu na dirisha, wenyewe walikuwa wamejaa kwenye mikeka.

"Dada Damari," Mama Yeremia akaanza, "ugonjwa una mlango ulioingilia. Mlango wako uko wapi?"

Nilisimama nikasema nimemwonea wivu Rodia, msichana aliyechukua nafasi yangu kwenye kwaya. Ilikuwa kweli.

"Bwana asifiwe," wakasema. Mama Yeremia akatikisa kichwa taratibu. "Lakini hilo tawi, dada. Sisi tunataka mzizi."

Nikasema nimemlaani Simoni moyoni kwa kukaa Mbeya. Tawi. Nikasema nilikunywa ulanzi kwenye harusi ya kaka yangu, vikombe viwili. Watu wawili watatu walicheka. Tawi. Mbavu zilikuwa zinaniuma, jasho linanitoka, na mimi mzizi sina. Nakwambia kweli, niliwaonea wivu wazinzi siku ile, maana wao wana kitu cha kusema.

Mzee mmoja akauliza, "Ulipoanza kuumwa, nyumbani hawakukupeleka mahali?"

Kila mtu mle ndani alijua mahali ni wapi. Ni kwa mganga wa kupiga ramli.

"Nani alikupa dawa ya kwanza?" akauliza tena.

"Mama mkwe," nikasema.

Ilikuwa majani ya mkaratusi tu, ambayo hata mchungaji anajifukizia. Ningeweza kusema hivyo. Nilifungua mdomo niseme, nikaona nyuso zao zimenielekea, zinangoja, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitano watu walikuwa wananitazama bila kurudi nyuma.

"Alikupeleka?" Mama Yeremia akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

Neno hilo moja lilipotoka, mengine yalikuja yenyewe. Nikaongeza kuku mweusi. Nikaongeza hirizi iliyotupwa mtoni. Nikasema mganga mwenyewe yuko njia ya Idodi, kwa kuwa Idodi ni mbali na nilijua hakuna atakayekwenda kuuliza. Wakainuka wote wakaimba. Wakanikumbatia mmoja mmoja, wanawake wale wale waliokihama kikombe changu, wakanibana kifua changu kibovu kwenye vifua vyao, nami nikalia kwa furaha. Ndiyo, furaha. Sitakuficha. Nilikuwa nimekaa muda mrefu sana bila kukumbatiwa.

Hakuna aliyeniambia niache sindano. Mama Yeremia alisema tu, "Mlango umefungwa, imani yako itajionyesha." Nikalielewa nilivyotaka mimi. Jumatatu sikwenda zahanati.

Wiki ile ile wazee wa kanisa walimwita Mama. Nilikuwepo, nilikaa nyuma. Mchungaji alikuwa mtu mwema, naye jambo lile lilimsumbua. Alimweleza yaliyosemwa, akamuuliza kama ni kweli.

"Siyo kweli," Mama akasema.

"Mkweo amekiri mwenyewe, mama. Mgonjwa atajisingizia kwa faida gani?"

Mama hakugeuka kunitazama. Alisema, "Hilo mumuulize yeye."

Hakuna aliyeniuliza. Mchungaji akamsihi: akikiri tu, Jumapili ijayo atarudishwa kundini, mambo yaishe, vitambaa viendelee kufuliwa. Asipokiri atatengwa na meza ya Bwana.

"Nikiri nisichokifanya?" Mama akasema. "Mbele ya nani? Mbele yenu naweza, baba. Nyie ni watu. Lakini Yeye ni mtakatifu. Nitampelekea uongo mkononi ili aninyweshe kikombe chake?"

Wakamtenga. Kwetu aliyetengwa hukaa benchi la mlangoni, na ibada ya meza inapoanza hutoka nje. Mama alikwenda kila Jumapili, akaketi pale mlangoni mgongo umenyooka, akatoka kwa wakati wake bila kuharakisha. Vitambaa vya altare alipewa mwanamke mwingine. Simoni alipokuja likizo, alisikia, akaniamini mimi. Alikataa kula chakula cha mama yake siku zote tatu alizokaa. Mama alimtengea sahani mezani kila mlo, akaiondoa ikiwa imejaa, akawapa watoto.

Jioni ya siku aliyotengwa, nilidhani atanivamia kwa maneno. Niliyatayarisha majibu. Aliingia, akasimama mlangoni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Zahanati umekwenda?"

"Mimi nimepona Mama. Ndugu wameniombea."

"Kwani Mungu amekukataza sindano?" akauliza, akaondoka.

Nikanenepa kidogo, niliimba tena, nikarudi mstari wa mbele. Miezi minane hivi nilijiona mshindi. Kisha ukaja mwaka ambao mvua ziligoma, tukawa tunakula unga wa njano wa msaada, na serikali ikatuhamisha mashambani mwetu kwenda kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Kila mtu alikonda mwaka ule, kwa hiyo nilipokonda mimi sikushtuka. Tulikuwa tunaezeka nyumba mpya. Nilimrushia Mama fungu la nyasi juu ya paa, nikakohoa, nikaona damu kwenye nyasi. Mama aliiona kutoka juu. Alishuka polepole, akaosha mikono, akaingia ndani kufunga mzigo.

Watoto tuliwaacha kwa kaka yangu, na safari ya Mbeya ilituchukua siku mbili kwa lori na basi. Alinifunika kichwa kwa kanga yake njia nzima nisipigwe na vumbi. Tulilala Makambako sakafuni kwa ndugu yake. Sikumwambia lolote, wala yeye hakuniuliza.

Benchi lile la hospitali nililikumbuka, hata msumari wake uliochomoza. Tulikaa tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Pembeni yetu alikaa mwanamke wa Kisafwa aliyekuwa akisuka ukili, na kila aliyeitwa ndani alimwambia "nenda salama" kana kwamba anavuka mto. Hatimaye tukaingia. Alikuwa Sista Anyesi yule yule. Aliitazama kadi yangu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Arobaini na moja. Kumi na tisa zimekwenda wapi?"

"Zahanati dawa ziliisha, Sista."

Nilihisi Mama, aliyekaa karibu nami, akiinua uso. Sista akaweka kadi mezani.

"Dada, mimi siyo askari, na huyo mama hapo siyo shahidi. Ukiniambia dawa ziliisha nitaandika hivyo, na nitakupa dawa ya mtu ambaye dawa ziliisha. Hiyo haitakuponya wewe. Mimi nataka kujua nianzie wapi."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Kisha nikamwambia: niliacha mwenyewe, nilijiona nimepona. Nilingoja anigombeze mpaka wodi nzima isikie.

"Haya," akasema, akachukua kalamu. "Tunaanza moja."

"Siyo arobaini na mbili?"

"Moja. Ndaga, asante kwa kusema kweli."

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu toba, ya wachungaji wenye sauti na wasio na sauti. Hakuna lililonifundisha kuliko kalamu ya yule Mnyakyusa. Mungu mtakatifu haombi tumpambie maneno ndipo atukubali. Anataka kujua tunaanzia wapi, na Yeye anajua tayari, sisi ndio tunaopaswa kusema. Lakini siku ile sikuyawaza haya. Niliwaza sindano sitini, nikaona kizunguzungu kabla ya ya kwanza.

Ulikuwa Juni. Wanaokaa Mbeya wanaijua Juni: ukungu unashuka kutoka mlimani unaingia hadi chini ya kitanda. Mama alilala kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, akapika kwenye mafiga ya nje, akaniletea maharage na parachichi. Nilikuwa na kilo thelathini na tisa. Nywele zilitoka zikibaki kwenye mto. Nilipojiosha niliona mifupa ya nyonga imesimama, nikaificha hata mbele ya wanawake wenzangu. Simoni alikuja kila Jumapili kutoka kambini, akakaa upande mmoja wa kitanda. Mama alikaa upande wa pili. Walizungumza kupitia kwangu: "Mwambie mama yako chumvi hii hapa." "Mwambie mumeo asante." Mimi ndiye niliyechimba ule mfereji, na sasa nilikuwa nimelala katikati yake.

Sindano ya ishirini na sita iliangukia siku ya Jumapili. Mchungaji wa mjini alikuja kutupa chakula cha Bwana barazani mwa wodi. Aliweka meza ndogo, kitambaa chake kimekunjamana vibaya. Niliona Mama anakitazama, vidole vyake vinatembea juu ya kanga kama anapopiga pasi. Wagonjwa waliojiweza walikwenda, na ndugu zao. Mama alisimama, akarudi nyuma mpaka kwenye ngazi, akashuka nje.

Nilijikokota nikamfuata. "Mama, nenda ukashiriki. Hapa nani anakujua?"

"Anayenijua yupo."

"Lakini walikuonea!" Neno lilinitoka kwa nguvu, nikakohoa.

Alingoja nimalize kukohoa. "Walinionea. Lakini nimetengwa, na bado sijarudishwa. Nikijipenyeza hapa kwa kuwa hawanijui, nitakuwa nimemwibia. Siibi kwa Mungu, mwanangu. Mimi kitu pekee nilichobaki nacho ni kwamba sijamdanganya."

Alisema hayo kwa maringo. Niliyasikia wazi maringo yale yale ya kubeba vitambaa, na wakati huo nikayaelewa. Nilikuwa nimeishi naye miaka tisa nikidhani anajiona mbele ya watu. Kumbe anatembea akijua yuko mbele ya nani. Nilikaa kwenye ngazi, nikamwambia yote: mkaratusi, kuku mweusi, Idodi, kukumbatiwa. Nilimwambia sikuwa namchukia wala nini, nilikuwa nataka tu watu waniguse.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ulisema uongo. Si nilikuwepo maisha yangu yote? Idodi sijafika."

"Kwa nini hukunisema?"

"Ningekusema ungelia, ungekataa, kifua kingekuua ukiwa umekataa. Nikaona nikuweke hai kwanza." Akakaa karibu yangu, akanivuta kanga begani. Nikadhani imekwisha. Nikaegemea. Akaendelea, "Mimi umeniambia, nimekusamehe. Mungu umwambie, atakusamehe. Halafu wale uliowapa uongo, ukawape ukweli. Pale pale ulipousimamia."

"Watanitenga Mama. Simoni ataniacha."

"Huenda," akasema. Hakunidanganya hata kwa kunifariji.

Simoni nilimwambia Jumapili iliyofuata, mama yake akiwa pale. Alitoka nje. Nilihesabu sindano nne kabla hajarudi. Aliporudi hakunisemesha. Alipita kitanda changu, akamfuata mama yake kwenye mafiga, akachuchumaa, akachukua sahani akala bila kuongea, akaongeza ugali mara mbili. Mimi nilitazama kupitia dirishani. Kwangu alirudi taratibu, kwa miezi mingi, na sitakuambia ilikuwa rahisi.

Sitini zilitimia. Sista Anyesi alichora mstari chini ya kadi kwa wino mwekundu, akampa Mama mkono kabla ya kunipa mimi. Tukarudi nyumbani na mfuko wa vidonge, Ilula wanawake wamepanga nyanya kando ya barabara.

Jumapili ya kwanza ya meza, kabla ya kwaya, nilimwomba mchungaji nafasi. Kanisa la kijiji kipya lilikuwa bado halina madirisha, upepo unapita. Nilikuwa nimejitayarishia maneno marefu, na hapo mbele nikayaacha.

"Nilisema Mama Simoni alinipeleka kwa mganga. Hakunipeleka. Nilitunga. Kuku nilimtunga, hirizi niliitunga. Mlinidai mzizi, huu ndio mzizi wangu: nilimpa Mungu mtakatifu toba ya uongo, nikamtwika mama yangu. Sina lingine."

Hakuna aliyeimba. Mama Yeremia alikuwa benchi la tatu, macho ameyainamisha, mkono mdomoni. Baadaye alikuja nyumbani peke yake, akapiga magoti mbele ya Mama jikoni. Waliyozungumza hayanihusu.

Mama alirudishwa kundini siku ile ile, mchungaji akishindwa kumaliza sala vizuri. Mimi nilitengwa, na nilistahili. Nilichukua nafasi yake kwenye benchi la mlangoni, lile lile tulilohama nalo, sehemu yake mbao ikiwa imelainika. Nilikaa mgongo umenyooka, kama nilivyomwona akifanya. Nikawa nameza vidonge vyangu kila siku, mwili unawasha, tumbo linakataa, nameza. Ndugu yangu unayesoma, vidonge vya mwaka na nusu ni vigumu kuliko sindano, kwa sababu unavimeza ukiwa unajiona mzima. Vimeze tu.

Waliniita kurudi kundini siku chache baada ya kidonge cha mwisho. Hospitali ilikuwa imenipa cheti kwamba makohozi yangu ni safi, na mchungaji alikisoma kanisani kwa sauti. Nilikwenda mbele, nikakiri, nikapokelewa, watu wakanishika mkono. Kisha meza ikaanza. Nikapiga magoti, nikasikia kanga zinachakarika.

Cheti walikuwa wamekisikia, na bado walikuwa wanahamia kushoto. Kulia kwangu sakafu ilibaki tupu. Niliinamisha kichwa nikajiambia, haidhuru, Damari, umerudi, inatosha.

Mama alikuwa amekwishapiga magoti mwanzo kabisa wa mstari, mahali pake pa zamani, karibu na altare yenye vitambaa alivyovipiga pasi jana yake. Alinyanyuka. Alipita nyuma ya watu wote, polepole, mrefu vile, kila mtu akimwona, akaja kupiga magoti kulia kwangu. Mchungaji alifika kwangu, nikanywa. Akachukua kitambaa afute ukingo wa kikombe. Mama akamshika mkono kabla hajafuta.

"Nipe hivyo hivyo, baba," akasema.

Akanywa mahali nilipogusa mimi. Nyuma yetu nikasikia kanga tena, na magoti yakitua sakafuni kulia kwake, moja, kisha jingine. Nilipogeuza jicho, wa kwanza alikuwa Mama Yeremia.

Tulipotoka nje watu walitaka kutushika mikono, lakini Mama alikuwa na haraka. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anavyokagua kitambaa kilichokauka.

"Umekula?" akauliza.

"Bado, Mama."

"Twende basi."